Upepo wa tairi gari likiwa limepakiwa hadi kwenye kerea

Ndugu uliyeuliza juu ya Prado, swali lako limenigusa kwa sababu miaka michache iliyopita nilikuwa papo hapo ulipo. Umesema mnaondoka Nairobi kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, familia nzima, hema juu ya kerea, jerikeni nne za dizeli, maji lita 80, spea mbili, na tayari umebadilisha tairi ukaweka za LT (za magari madogo ya mizigo) za ply kumi, yaani zenye nguvu ya tabaka kumi. Kibandiko cha mlangoni kinasema psi 29 (psi ndiyo kipimo cha upepo wa tairi). Fundi mmoja amekwambia 35, mwingine 60 kwa kuwa ubavuni imeandikwa 80. Unauliza yupi yuko sahihi. Kwa mzigo huo, hakuna hata mmoja.

Kibandiko kiliandikwa kwa tairi ambazo gari lilitoka nazo kiwandani. Tairi ya LT ina mwili mgumu zaidi na inaweza kubeba uzito mkubwa zaidi, lakini mpaka uipe upepo wa kutosha. Ukiiwekea upepo uleule wa tairi ya kawaida ya saizi ileile, itabeba kidogo kuliko ile uliyoitoa. Hapa mjini wengi hawaambiwi jambo hili wanapobadilishiwa tairi, na linaniuma kila nikiona gari la watoto limelemea nyuma. Nayo ile 80 ya ubavuni ni upepo wa tairi iliyobebeshwa mzigo wake wote. Tazama namba iliyo baada ya saizi: ikiwa ni 120, maana yake ni kilo 1,400 kwa tairi moja. Prado iliyojaa kabisa ni kama tani 3 kwa tairi nne. Ukiweka 60, lami itakanyagwa na katikati ya tairi peke yake, breki zitashika vibaya, na kwenye mawe makali ya njia ile tairi iliyokazwa hivyo haibonyei, inachanika.

Mimi safari ya kwanza niliondoka na 32 pande zote. Duka lililonifungia tairi mpya ndilo liliziweka hivyo, nami sikuuliza. Kutoka Isiolo kwenda juu lami ni safi, nikawa kwenye 100 jua likiwa utosini. Laisamis tukachepuka kuingia murram, barabara ya changarawe, na hata nusu saa haikuisha mke wangu akasema ananusa raba inaungua. Nikashuka. Ubavu wa tairi ya nyuma kulia ulikuwa umefura uvimbe wa ukubwa wa ngumi, na sikuweza kuuwekea kiganja kwa joto.

Tulifunga spea tukarudi Laisamis polepole. Fundi wa pancha alipoing'oa ile tairi kwenye rimu, aliinamisha ukamwagika unga mweusi laini kama masizi, viganja viwili hivi. Akaniambia, "Mzee, hii ni raba ya ndani. Imejisaga yenyewe." Akapitisha kidole ndani ya ubavu, kulikuwa na mtaro umezunguka tairi yote. Hakukuwa na mwiba wala msumari. Tairi yenye upepo mdogo ikibeba uzito hupinda kila inapozunguka, kupinda huko huzaa joto, na joto ndilo linalotenganisha raba na nyuzi zilizo ndani.

Tangu siku hiyo naanza na uzito kabla ya upepo. Pakia gari kama utakavyosafiri, tangi likiwa limejaa na watu wakiwa ndani, uende kwenye mizani ya malori. Yadi za mawe na mchanga upande wa Mlolongo zinazo, ukilipa wanakupimia. Panda na tairi za mbele tu, soma. Kisha gari zima, soma. Ukitoa unapata uzito wa nyuma. Langu lilikuwa kilo 1,290 mbele na 1,680 nyuma, yaani 645 kwa kila tairi ya mbele na 840 kwa kila tairi ya nyuma. Likiwa tupu, mbele na nyuma karibu zinalingana. Mzigo wote unakwenda kukaa nyuma. Kwa hiyo anayekwambia namba moja kwa tairi zote nne hajafikiria gari lililopakiwa. Watengenezaji wa tairi hutoa majedwali ya uzito na upepo kwa kila saizi, na humo ndimo nilipopata pa kuanzia: 36 mbele, 42 nyuma, kwenye lami. Usinakili namba zangu, pima lako. Na ukikuta umepita uzito unaoruhusiwa wa ekseli, punguza mzigo. Upepo hauongezi nguvu ya springi wala breki.

Baada ya hapo tairi yenyewe ndiyo inayosema. Pima alfajiri, gari limelala usiku kucha na jua halijaligusa. Andika. Endesha saa moja kwa mwendo wako wa kawaida. Mimi husimama Makutano, pale njia ya Embu inapochepuka. Pima tena papo hapo kabla hazijapoa. Tairi ya kawaida ikipanda kama psi 4, na ya LT kama 6, upepo wa asubuhi ulikuwa sawa. Ikipanda zaidi ya hapo ilikuwa inapinda mno: ongeza, au punguza mwendo, au punguza mzigo. Ikipanda kidogo tu, umezidisha. Kwa udadisi nilifanya jaribio hilo nikianza na 33 nyuma, mzigo ukiwa uleule: ilipanda hadi 42 kwa saa moja, nikaijaza palepale. Nikianza na 42, inapanda 5 na kutulia hapo. Tafadhali usitoe upepo kwenye tairi iliyopata moto eti imezidi namba ya asubuhi. Ikipoa itakuwa chini, na kesho yake utaanza safari na kosa.

Kuna mmoja aliniandikia kwamba tairi zake "zilivuja" kuteremkia Mombasa. Hazikuvuja. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, na hewa ya nje inasukuma kama psi 12. Pwani ni 14.7. Geji husoma tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo 40 ya hapa itasoma 37 na kitu kule, joto likiwa lilelile. Loiyangalani nako ni chini, hata mita 400 haifiki. Lakini kule ni joto, na kila nyuzi 6 za selsiasi huongeza karibu psi 1, hivyo asubuhi ya kwanza ziwani utakuta namba haijasogea sana. Usihangaike nayo.

Ukiacha lami, shusha. Kwenye murram yenye mawimbi mimi huondoa kama robo: 28 mbele, 32 nyuma, na mwendo hauzidi 60. Tairi ikilegea hurefuka pale inapokanyaga, inalizunguka jiwe badala ya kulipiga, na mama aliyekaa nyuma atakushukuru. Kwenye mchanga wa jangwa la Chalbi nimeshuka hadi 20 nyuma na mzigo wote, nikatambaa chini ya 40 bila kukata kona kwa ghafla, maana tairi inaweza kutoka kwenye rimu. Wapo wanaoshuka hadi 15. Gari tupu, sawa. Likiwa na mzigo wako, hapana. Kwenye mawe meusi yanayokaribia ziwa usishuke sana, kwa sababu ubavu ukifura ndio unaokutana na ncha za mawe. Hapo kinachokuokoa ni mwendo wa kutembea na mtu wa kushuka kukuongoza.

Nunua geji yako mwenyewe. Nilipima tairi moja kwenye vituo vitatu vya mafuta asubuhi moja, zikatofautiana psi 4. Yangu huenda nayo haisemi kweli tupu, lakini inasema vilevile kila siku, na hilo linatosha kulinganisha asubuhi na saa moja baadaye. Spea zijaze kama za nyuma, kwa sababu kupunguza porini ni rahisi kuliko kujaza.

Kompresa, pampu ya kujaza tairi upepo, ndiyo kifaa ambacho singekiacha nyumbani hata kwa jerikeni moja ya ziada. Mkirudi na kuiona lami Laisamis, watoto watakuwa wamechoka na Isiolo itaonekana iko karibu. Simama. Ya kwangu huchukua kama dakika 25 kurudisha tairi zote nne, na kofia za valvu naziweka mfukoni nisizipoteze. Ukishapima lako pale mizani, andika hapa namba za mbele na nyuma tutazame pamoja kabla hujaondoka.