Kufungua akaunti sote ni sawa, kuirudisha ndipo shughuli ilipo

Mkuu, umeuliza kama intaneti imetuweka sawa, maana siku hizi yeyote anafungua akaunti bure, na profesa na mwanafunzi wake wanabishana kwenye uzi mmoja. Wengi waliotangulia wamekujibu kwa habari za bando na simu janja. Hilo lipo, silipingi: kwa hesabu za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 watu wapatao bilioni 2.6 walikuwa bado hawatumii intaneti kabisa. Mimi nitasemea sisi tuliokwisha kuingia ndani.

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye fundi wa akaunti. Sijasomea popote. Nilimrudishia binamu yangu barua pepe yake, habari zikasambaa, basi ikawa kazi. Katika miaka hii nimeona kwamba kuingia tunaingia sawa. Tofauti zetu zinajitokeza siku unapofungiwa nje.

Shangazi yangu alifungua akaunti ya mtandao wa kijamii kwa namba ambayo baadaye aliacha kuitumia. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huifunga, na namba ile hurudi sokoni kwa mteja mwingine. Yeye hakujua hilo, na kwa nini ajue? Akaunti ilikuwa inafunguka yenyewe kila siku. Simu ilipokufa akanunua nyingine, mtandao ukamwandikia kwamba umetuma tarakimu 6 kwenye namba inayoishia na 47. Tukakaa tunaikodolea macho ile skrini, sekunde zinapungua.

"Mwanangu, si uwaambie tu kwamba ni mimi?"

Nimwambie nani, shangazi? Hakuna mtu kule.

Nikaipiga ile namba. Akapokea kijana mstaarabu kabisa, akakiri kwamba tarakimu zimemfikia, akakataa kutusomea. Alisema ameonywa asimtajie mtu yeyote namba za uthibitisho. Na ndivyo ninavyowafundisha watu mimi mwenyewe! Nikamshukuru, nikakata simu.

Ikabaki fomu ya kitambulisho. Jina la akaunti ndilo tunalomwita nyumbani. La kwenye kitambulisho nadhani hata baadhi ya wanawe hawalijui. Baada ya dakika chache likaja jibu, lile la mashine: majina hayalingani. Tukatuma tena, na tena, jibu lilelile. Na huyu angalau kitambulisho anacho. Benki ya Dunia iliwahi kukadiria kwamba watu takriban milioni 850 hawakuwa na kitambulisho rasmi chochote; watu wa namna hiyo hata kufika kwenye kukataliwa hawafiki.

Sasa linganisha na bosi wangu wa zamani. Ukurasa wake ulidukuliwa asubuhi, akampigia mtu anayemjua mtu anayefanya kazi kule ndani, jioni ukawa umerudi. Simlaumu, ningekuwa na namba hiyo ningeipiga pia. Ila usiniambie yeye na shangazi wana akaunti ya aina moja.

Na hii si hisia yangu tu. Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba Facebook ilikuwa na mfumo ulioitwa XCheck, ambao akaunti za watu mashuhuri, wanasiasa na wengine wa namna hiyo zilishughulikiwa tofauti na zetu pale kanuni zilipokiukwa. Mwaka 2020 walikuwemo watumiaji wasiopungua milioni 5.8. Yaani kampuni iliyokuwa ikisema kanuni ni moja kwa wote ilikuwa na orodha ya wakubwa.

Twitter, ambayo sasa inaitwa X, nayo ilianza kutoa tiki ya bluu mwaka 2009 ili watu wajue akaunti ya mtu maarufu ni yake kweli. Baada ya Elon Musk kuununua mtandao huo Oktoba 2022, tiki ikawa ya kulipia kila mwezi. Waliosema huo ndio usawa, eti sasa yeyote anaweza kuipata, mimi walinichekesha. Kilichonigusa zaidi ni cha Machi 2023: kupokea namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi kukabaki kwa wanaolipia. Ndiyo, programu ya bure inayotoa namba hizo ipo, na ni salama kuliko ujumbe mfupi. Niliwahi kumwelekeza mjomba namna ya kuiweka, ikatuchukua jioni nzima, na alipobadilisha simu tukaanza upya.

Siku hizi mtu akiniita nimfungulie akaunti, simwachi hadi tuweke barua pepe ya pili na kuzinakili zile namba za akiba, za kukurudisha ndani ukifungiwa nje, kwenye karatasi, kwa kalamu. Na laini ukiiacha, badilisha namba kwenye akaunti zako kabla hujaitupa. Wananiona msumbufu.

Shangazi tulimfungulia akaunti mpya, karatasi yake iko ndani ya bahasha ya vyeti. Ile ya zamani bado ipo hewani na picha zake zote, pamoja na za marehemu mumewe ambazo hazipo mahali pengine, na baadhi haziwezi kuonekana ila kwa marafiki. Ameiomba urafiki akaunti yake mwenyewe. Mara moja moja hunipa simu nimwangalizie kama ombi limekubaliwa.