Kaki za askari wa Mjerumani, vita ya kwanza

Watu huuliza kama kaki walizovaa askari wa Mjerumani huku Afrika Mashariki zilitoka Ujerumani. Hapana, sio zote. Mwingereza alifunga pwani yetu mapema 1915, mzigo ukawa hauingii, basi huku ndani kina mama wakawa wanasokota pamba kwa mkono, vitambaa vinafumwa hukuhuku, na rangi ikatoka kwenye mizizi ya mdaa, huuhuu wanaotilia rangi ukindu wa mikeka. Ilitoa hudhurungi ya kunjano, mtu akijibanza kwenye nyasi humuoni. Lettow-Vorbeck mwenyewe, mkuu wa jeshi la Mjerumani huku, kaiandika kwenye kumbukumbu zake, na mimi naona ufundi ule ulikuwa wa watu wetu. Ila kumbuka baadaye wengi walivaa nguo walizoteka kwa adui, so picha ya askari peke yake haitoshi kujua nguo ilitoka wapi.