Mbega wapitie wapi?

Swali: Shangazi, hapa Entebbe jirani kakata miti yote akajenga ukuta. Mbega waliokuwa wakienda Bustani ya Mimea sasa wanapita kwenye nyaya za umeme. Juzi mmoja kaungua. Tufanyeje?

Jibu: Mwanangu, mbega ni mnyama wa juu, chini hushuka kwa shida. Bustani ile iliyoanzishwa mwaka 1898 isipounganishwa na miti hubaki kisiwa. Kule Diani, Kenya, wametundika madaraja ya kamba juu ya barabara, na mbega huyavuka. Ombeni kibali manispaa. Wakati huohuo chomekeni vigingi vya mutuba kando ya uzio, ule mti ambao magome yake hutengenezwa nguo: huchipua upesi, na tini zake huliwa na ndege pia. Jirani naye aache tundu chini ya ukuta. Kenge wana safari zao.