Ndiyo binamu, nazika Wazungu

Mbukwenyi. Binamu, umeniuliza mbele ya ukoo mzima kama ni kweli kazi yangu huku Ohio, Marekani, ni maiti, na kama unaweza kufungua kampuni ya namna hii hapo nyumbani. Ni kweli. Naendesha gari la maiti, nawavalisha marehemu suti, napanga viti. Dawa ya kuzuia mwili usiharibike anaitia bosi mwenye leseni, si mimi. Mama nilimwambia niko "kampuni ya huduma". Sasa ameshajua, basi.

Ila wewe unayechonga majeneza hapo Mpwapwa usinicheke, maana ukoo wa bosi ulianza kama wewe. Babu wa babu yake alikuwa seremala wa vitanda na makabati. Mtu akifa, nani mwenye mbao na randa? Anaitwa yeye. Vimji vingi vya Marekani vilikuwa hivyo: duka moja, mbele meza, nyuma majeneza. Maiti iliogeshwa nyumbani, majirani wakachimba kaburi, kama kwetu tu.

Kilichogeuza mambo ni vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Askari walifia mbali, wenye uwezo wakataka miili irudi, ndipo dawa ikapata soko. Rais Lincoln alipouawa 1865, mwili wake ulikwenda kwa treni karibu wiki mbili, Washington hadi Springfield, Illinois, watu wakiuaga njiani. Wakaona kumbe inawezekana. Maseremala wakajifunza kutia dawa, wakanunua magari ya farasi, maiti zikahamia kwao. Bosi amekulia ghorofani: chini marehemu, juu watoto wanakatazwa kukimbia kukiwa na wafiwa.

Hata wagonjwa walibebwa na watu hawa mpaka miaka ya 1960 na kuendelea kidogo, kwa kuwa gari lao ndilo mtu aliweza kulala chali. Fikiria umevunjika mguu, unafuatwa na gari la maiti!

Sasa fedha, maana najua ndiyo unayoitaka. Mazishi yenye kuaga mwili na jeneza huzunguka dola 8,000, na hapo kaburi bado. Tangu 1984 sheria inawalazimu wenye kampuni za mazishi kutaja bei ya kila kitu, hata ukiuliza kwa simu. Daftari la rambirambi hakuna, watu huleta maua. Lakini biashara inasinyaa: zaidi ya nusu ya marehemu sasa wanachomwa moto, na watoto wa bosi hawataki kuamshwa saa nane usiku kwenye theluji. Naamka mimi.

Nisichokizoea ni kimoja. Mara nyingi wafiwa huondoka kabla kaburi halijafukiwa. Tunabaki mimi na kijana wa mashine ya kufukia. Siku ya kwanza nilishika koleo nikatupia udongo kidogo, mkono ulienda wenyewe. Bosi alinitazama, hakusema neno.

Hilo la kufungua kampuni kama yake hapo nyumbani, anza na gari, jeneza unalijua. Ila usithubutu kutoza watu kuchimba kaburi. Watakususia hata msiba wako.