Umepewa Mongolia kwenye MUN? Usinune, anzia hapa

Hii nawaandikia wanafunzi wa sekondari mnaojiandaa na MUN, ile mikutano ya kuigiza Umoja wa Mataifa ambapo kila mjumbe anapewa nchi ya kuisemea, pamoja na walimu wenzangu mnaowaandaa. Nimekuwa nikiwanoa watoto kwa ajili ya mkutano wa shule za Afrika Mashariki unaofanyikaga Nairobi, pale Gigiri kwenye ofisi zenyewe za UN, na kuna neno moja nalirudia mpaka wanalimalizia wao kabla yangu: ijue nchi yako kwanza, kuongea kutakuja. Shule nyingi zinafanya kinyume. Wanachaguliwa watoto wenye kiingereza kizuri, wanafundishwa kusimama na kupunga mikono, afu nchi inakuja kusomwa wiki ya mwisho, tena juu juu. Mtoto anafika ukumbini anatiririka vizuri tu, akiulizwa swali moja kuhusu nchi yake anabaki kutabasamu.

Nichukue Mongolia maana ndo nchi niliyoona ikinuniwa kuliko zote. Binti mmoja wa kidato cha tano alinifuata ofisini, "Madam naomba unibadilishie, hii nchi haina kitu." Nikamwambia kafungue ramani kwanza ndo uje tuongee. Mongolia haina bahari na ina majirani wawili tu, Urusi kaskazini na China kusini, basi. Na hao wawili wote wana kiti cha kudumu na veto, yaani nguvu ya kuzuia azimio, kwenye Baraza la Usalama. Mafuta ya magari karibu yote inanunua Urusi, makaa ya mawe na shaba yake wateja wakubwa ni Wachina. Sasa nchi iliyobanwa hivyo ikisimama kuongea habari za vita au vikwazo inaongeaje? Kwa uangalifu mno. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipopiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 zikajizuia, na Mongolia ilikuwa kwenye hizo 35. Lakini hiyo hiyo nchi ilijitangaza mwaka 1992 kuwa haitaki silaha za nyuklia kwenye ardhi yake, Baraza Kuu likaitambua hadhi hiyo mwaka 1998, na imepeleka wanajeshi wa kulinda amani mpaka Sudan Kusini, hapa hapa kwa majirani zetu.

Yule binti alikuwa kwenye kamati ya silaha. Alivyokaa na hayo mambo siku kadhaa alirudi macho yanang'aa, anasema madam kumbe mimi ndo naweza kuongea na pande zote. Na kweli, nchi kubwa ukumbini zina kazi ya kujitetea muda wote, nchi kama Mongolia inaweza kupita katikati, ikaandika kifungu ambacho mjumbe wa Marekani na wa Urusi wote wanakisaini. Ndo maana nasema aliyepewa nchi "isiyojulikana" asinune, kapewa nafasi ya kufanya kazi.

Sasa unaisomaje nchi? Mimi huwa nawaanzishia kwenye kura. Hotuba za mabalozi zimejaa maneno matamu, kila nchi inapenda amani, kila nchi inajali watoto na wanawake, ukizisoma hizo tu utatoka na msimamo usio na upande. Kura ndo inasema ukweli. Maktaba ya kidijitali ya UN ipo mtandaoni bure kabisa, unatafuta azimio unaona nani alikubali, nani alikataa, nani alijizuia. Halafu unajiuliza kwa nini. Kwenye ile kura ya Machi 2022 Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa waliunga mkono, Tanzania, Uganda na Burundi wakajizuia. Jumuiya moja, mipaka tunavukiana kila siku, kura tofauti. Huwa naandika hayo majina ubaoni nawaambia watoto wanieleze, wengine wanakwenda mpaka kwenye siasa za kutofungamana na upande wowote za enzi za Mwalimu, wengine wanakwenda kwenye biashara na silaha, wanabishana hadi kengele inalia. Hapo mtoto ameshaelewa diplomasia kuliko ningemsomea notisi mwezi mzima.

Baada ya kura angalia pesa, nchi inauza nini na inamuuzia nani, inadaiwa na nani. Afu historia, hasa historia inayouma. Aliyepewa Bolivia asipojua kwamba nchi yake ilipoteza pwani kwa Chile kwenye vita iliyoanza 1879, na kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Chile hailazimiki kujadiliana nao kuhusu kupata njia ya baharini, huyo atakwenda kukaa kundi moja na Chile anacheka cheka na mwenzie wa Chile atamshangaa.

Na kwa watoto wa Kitanzania nawaambia msome habari za Salim Ahmed Salim, maana hiyo ni shule tosha. Alikuwa balozi wetu UN akiwa kijana kabisa. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipopitisha Azimio namba 2758 la kuipa China ya Beijing kiti chake, kura 76 kwa 35 huku 17 zikijizuia, Marekani ikiwa inapinga, Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolipeleka lile azimio na wajumbe wetu walishangilia wazi wazi mle ukumbini. Miaka kumi baadaye, 1981, Salim akagombea Ukatibu Mkuu, Marekani ikamzuia kwa veto, China nayo ikawa inamzuia Kurt Waldheim wa Austria raundi baada ya raundi, mpaka wote wawili wakakaa pembeni akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wengi waliofuatilia mambo yale wanaihusisha veto ile na furaha ya 1971. Mwanafunzi akiisoma habari hii vizuri anaacha kuona kura kama mchezo wa kunyoosha kibao.

Kitu kinachowasumbua sana watoto wenye moyo mzuri ni kupewa nchi ambayo msimamo wake hawaupendi. Kijana anayependa mazingira kapewa Saudi Arabia kwenye mada ya tabianchi. Anataka kusimama aseme mafuta yafungwe kesho asubuhi! Hapana kaka, wewe hapo ni kama wakili, umekabidhiwa faili la mteja, lisome. Saudi Arabia ipo ndani ya Mkataba wa Paris, na mwaka 2021 ilitangaza lengo la kufikia sifuri halisi ya hewa ukaa, yaani inayotolewa ilingane na inayoondolewa, ifikapo 2060. Hoja yake ya siku zote ni kwamba tupambane na hewa chafu yenyewe, tusichague nishati ya kuipiga marufuku, tukamate kaboni, tuitunze, tuitumie. Unaweza usikubaliane nayo hata kidogo lakini ni hoja, ina watu wake na ina mantiki yake, na ukiweza kuieleza kwa heshima bila kuikejeli utakuwa umejifunza kitu ambacho watu wazima wengi hawana. Mimi binafsi naamini hii ndo faida kubwa kuliko zote za MUN, zaidi hata ya cheti.

Tuje kwenye azimio, maana hapa ndo pointi zinapotea. Azimio la UN ni sentensi moja ndefu, inaanza na jina la chombo, vifungu vya utangulizi vinaishia na koma, vifungu vya utekelezaji vinaishia na nukta mkato, nukta inakuja mara moja tu mwishoni. Mengine ya muundo mtapewa kwenye mwongozo wa mkutano wenu, fuateni huo. Mimi nataka muangalie vitenzi. Baraza Kuu na kamati zake halimuamuru mtu, linaomba, linahimiza, linapendekeza. Anayeweza kulazimisha nchi ni Baraza la Usalama, lenye wajumbe 15, watano wa kudumu, na azimio lake zito linahitaji kura 9 na asitokee hata mmoja wa wale watano kulipinga. Kwa hiyo ukiwa kamati ya mazingira ukaandika "inaamuru nchi zote zipeleke majeshi" watakucheka, na ukiwa kwenye Baraza Kuu ukatishia veto ndo kabisaa, mle hakuna veto.

Afu vifungu vyenyewe viwe na mwili. Kifungu ninachokutana nacho kila mwaka ni hiki: "Inazihimiza serikali kutoa elimu kwa wananchi kuhusu athari za plastiki." Nani atatoa? Kwa pesa ipi? Wapi? Nani atakagua? Huwa tunakaa nacho darasani tunakivuta mpaka kinakuwa hivi: "Inazihimiza nchi wanachama kuweka tozo kwa viwanda vinavyozalisha vifungashio vya plastiki vinavyotumika mara moja, fedha hizo zielekezwe kwa manispaa kwa ajili ya ukusanyaji taka, na taarifa ya matumizi iwasilishwe UNEP (shirika la mazingira la UN) kila mwaka." Hapo sasa mtu anaweza kukuuliza swali, anaweza kukupinga, anaweza kuleta marekebisho. Kifungu kisichopingika huwa ni kwa sababu hakisemi kitu.

Kuhusu kulobi. Kwenye mikutano inayofuata mfumo wa The Hague, mji wa Uholanzi ambako mkutano wa shule unaofanyika tangu 1968 ndo umekuwa mfano kwa mikutano mingi, mnaanza na muda wa kulobi kabla ya mjadala wowote. Watu wanazunguka na maazimio yao, wanatafuta wa kuwaunga mkono, yanayofanana yanaunganishwa. Hapa ndo wale wapole wangu huwa wanang'aa, maana kelele hazisaidii sana. Nawaambia nendeni na vifungu viwili vitatu vilivyopikwa vikaiva, kila kimoja kwenye karatasi yake, mkute kundi lina azimio lenye pengo mseme sisi tuna hiki, kitafaa hapa kwenu. Watu wanagombania nani awe muwasilishaji mkuu, nyie gombanieni kifungu chenu kiingie. Na msikae na wenzenu wa shule moja! Nimeona watoto wanasafiri usiku kucha kutoka Arusha wanavuka Namanga, wakifika wanajikusanya kona moja kama wako kantini ya shule, mpaka kulobi kunaisha.

Lugha. Najua shule nyingi za kwetu hili ndo linawatoa jasho, unakutana na watoto wa shule za kimataifa wanaongea kiingereza cha puani, haraka haraka, unajiona mdogo. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kubishana kwa Kiswahili kwanza. Kabisa, wiki za mwanzo zote mjadala uwe Kiswahili, watu watupiane hoja kwa moto wote, mmoja Mongolia mwingine Urusi, hadi kila mtu anajua anataka kusema nini na atajibu nini akibanwa. Ukishaijua hoja yako kwa lugha unayoiota, kuihamishia kwenye kiingereza ni kazi ya siku chache, lakini ukianza na kiingereza moja kwa moja unaishia kukariri insha, na insha ikikatishwa na swali haina pa kuendelea. Usiandike hotuba nzima, andika mistari kwenye kadi, jipime na saa ya simu. Lafudhi iache ilivyo. UN yenyewe ina lugha rasmi sita na mabalozi wake wanaongea kiingereza cha kila kona ya dunia, wanachoangaliana ni hoja. Cha kuzingatia zaidi ni kwamba mjumbe hasemi "mimi naona", anasema "Mongolia inaona", na hilo lizoeeni mapema maana ukumbini presha ikipanda ulimi unarudi kwenye mimi mimi.

Kuhusu kumuachia ChatGPT akuandikie karatasi ya msimamo, ile inayoeleza nchi yako inasimamia nini kwenye mada, mwenyekiti mzoefu anazisoma karatasi hizo kwa wingi na zote zinafanana mpaka aya. Itumie ikuulize maswali magumu kama mjumbe wa nchi pinzani, hapo inasaidia kweli.

Mavazi yasiwaumize vichwa wala kuwaumiza wazazi. Suti ya mtumba iliyopigwa pasi inatosha, viatu viwe ambavyo unaweza kusimama navyo siku nzima. Hati za kusafiria shughulikieni mapema sana, walimu hili ni lenu. Na tuzo ya mjumbe bora msiifanye ndo lengo, mfumo wa The Hague hautoi tuzo hizo kabisa, na mimi nakubaliana nao, nimeona tuzo zinavyowafanya watoto wawe wabaya kwa wenzao.

Kwa shule ambazo pesa ya kwenda Nairobi au popote haipo, na najua ndo nyingi, msikae nje ya hili jambo. Fanyeni ya kwenu Jumamosi moja. Mnahitaji darasa, viti, vibao vya majina vya karatasi ngumu, mwanafunzi mmoja makini wa kuwa mwenyekiti na mwalimu wa kutunza muda. Nchi 15 zinatosha, wagawieni wawili wawili wiki tatu kabla. Asubuhi kulobi, mchana mjadala, kura kabla ya watu kwenda nyumbani. Mada ya kwanza ningeshauri iwe plastiki, kwa sababu Machi 2022 pale pale Nairobi nchi zilikubaliana kuanza kuandaa mkataba wa dunia kuhusu taka za plastiki, na kwa sababu kila mtoto anaikumbuka mifuko ya rambo au amesimuliwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, Kenya Agosti 2017, sisi Juni 2019. Wagawieni hizo nchi tatu, muongeze Saudi Arabia na Marekani, muweke na nchi ya visiwa kama Maldives, na Mongolia msiisahau.