Kabla hujanunua printa mpya za hospitali, kamuone kwanza mama wa karanga

Juzi dada mmoja, afisa TEHAMA hospitali ya wilaya huko Kanda ya Ziwa, kanitumia meseji WhatsApp: "Kaka, bosi kasema gharama za kuprinti zishuke, tununue printa gani?" Nikacheka peke yangu, maana hilo swali na mimi niliwahi kumuuliza mtu, bahati mbaya niliyemuuliza alikuwa muuza printa.

Ngoja nianze na aibu yangu. Hospitali niliyokuwepo (jina siwapi) kila chumba kilikuwa na printa yake. Mradi ukija unakuja na printa, mradi ukiisha printa inabaki, stoo imejaa tona (ule wino wa unga wa printa) za mashine zilizokufa na mashine nzima hazina tona. Maabara printa yao ilikuwa korido, inachelewa kuamka, kwahiyo mtu anabonyeza mara tatu, baadae ikiamka inatema zote tatu. Moja inachukuliwa, mbili zinalala pale pale juu ya mashine. Jioni dada wa usafi anazikusanya kwenye boksi. Siku hiyo akaniuliza, "Kaka, hizi nichome?" Nikamwambia hapana, kampe mama wa karanga getini, upande wa pili ni msafi, tutunze mazingira jamani. Mimi huyu huyu ndo nilisema, tena nilijiona mtu wa maana kweli.

Wiki haikuisha, nesi mmoja akaingia ofisini kwangu na karanga za mia mbili. Hakusema kitu, akazimwaga mezani akakunjua karatasi. Majibu ya maabara, jina kamili, umri, namba ya faili, kipimo chenyewe sitakitaja. Na lile jina nilikuwa nalijua, ni jirani yangu, asubuhi ile tulikuwa tumesalimiana.

Hapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa haijaanza kutumika, imeanza Mei 2023. Leo taarifa za afya zinahesabiwa taarifa nyeti, yaani ungekuwa unajieleza kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sio kwa nesi.

Basi nikaacha kuwaza printa nikaanza kuwaza karatasi. Nikapita wodi kwa wodi, karibu kila printa ya leza ina ripoti ndani ya menyu inayoonyesha imeshatoa kurasa ngapi, nikaandika kwenye daftari, mwezi ukiisha narudia. Watu walinicheka, "fundi wa kuhesabu makaratasi". Kumbe rundo kubwa lilikuwa majibu ambayo daktari anayaona tayari kwenye mfumo! Hayo tukaacha kuyaprinti, mgonjwa akiyahitaji anapewa yake. Mashine tukazipunguza, kila ghorofa ikabaki na mashine mbili tatu, unatuma kazi yako alafu unaenda kwenye mashine unaweka namba ya siri ndo inatoka, usipokwenda inajifuta yenyewe. Hicho tu. Karatasi isiyo na mwenyewe ndo iliyokuwa inakula bajeti na ndo hiyo hiyo iliyokuwa inamwaga siri za watu, ukiiziba umeua ndege wawili.

Mei Mosi mfanyakazi bora alitangazwa, cheti na bahasha juu. Sio mimi. Ni yule aliyekuwa ananiita fundi wa makaratasi, kasimama anaeleza "mfumo niliobuni". Nimesamehe. Ila nakumbuka mpaka shati alilovaa.

Kwahiyo dada yangu, hesabu kwanza, narudia, hesabu kwanza. Ile idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona usiiamini kama msahafu, inapimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika takriban asilimia 5 tu, sasa nyie na nembo nyeusi kubwa kila fomu mtaifikia wapi, ipunguzeni. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS (lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika), ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inazima na kompyuta ya dirisha la malipo inazima nayo (niulize mimi). Paswedi ya kiwandani badilisha siku ya kwanza. Na ile fotokopi kubwa mnayotaka kuiuza mnada, ifungueni, nyingi zina hadidiski ndani na inaweza kuwa imetunza kurasa zilizopita humo, toeni muiharibu. Vijana tunapenda kununua, hatupendi kuhesabu, alafu tunalia bajeti ndogo. Tubadilike!

Mama wa karanga bado yupo getini. Nikipita ananiuliza, "Mwanangu, zile karatasi zenu nzito ziliishia wapi?" Sijawahi kumjibu. Namletea magazeti ya juzi, anasema yanachafua karanga wino.