Uvimbe wa ubongo: kabla ya kuuliza kama ni saratani

Mtu akiambiwa ana uvimbe kichwani, swali la kwanza huwa ni kama ni saratani. Ni swali la haki, ila jibu lake halikuonyeshi hatari yote. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Uvimbe usio saratani, kama meninjioma nyingi zinazoota kwenye utando unaofunika ubongo, ukikua humo ndani hubana ubongo au huziba njia ya maji yake, na mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo uliza pia umekaa wapi na unakua kwa kasi gani.

Mahali ulipo ndipo dalili zinapotoka. Uvimbe wa sehemu ya mbele hubadilisha tabia: mpole anakuwa mkali, mchangamfu anapoa na hajali kitu, na nyumbani wanadhani ni msongo wa mawazo. Ukiwa kisogoni upande wa chini, mtu huyumba akitembea. Ule wa tezi ya pituitari, tezi ndogo ya homoni chini ya ubongo, hugandamiza mishipa ya macho inapokutana, mgonjwa akaanza kugonga vitu vya pembeni asivyoviona. Mwanamke anaweza kukosa hedhi na kutokwa na maziwa bila kuwa mjamzito. Usikivu unaopungua kwa sikio moja tu, tena na mlio, msiupachike jina la uzee kabla ya kupimwa.

Kuumwa kichwa peke yake mara chache huwa uvimbe. Cha kushtua ni maumivu mapya yanayozidi wiki hadi wiki, makali zaidi asubuhi au ukikohoa, na kutapika juu yake. Kifafa kinachomwanza mtu ukubwani kinadai picha ya ubongo, hata kama kilidumu dakika moja na ameamka mzima. Na mgongo ukiuma zaidi usiku, miguu ikalegea, sehemu za siri zikafa ganzi au mkojo ukagoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo uliobanwa na uvimbe hausubiri tarehe ya kliniki. Miguu ikishapooza, nafasi ya kutembea tena hupungua sana.

Siti skani ni ya haraka na huonyesha damu iliyovuja au maji yaliyojaa, lakini uvimbe mdogo unaweza kuipita. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ikiwa na dawa ya kung'arisha huona vizuri zaidi. Kabla ya kuingia, sema kama una betri ya moyo, chuma chochote mwilini, ugonjwa wa figo au ujauzito. Usishangae ukitumwa kupigwa picha ya kifua na tumbo pia: saratani ya mapafu, matiti, figo au ngozi husafiri hadi kichwani, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Picha hukisia, maabara ndiyo inayotoa jina, kwa kinyama kilichokatwa. Majibu yana daraja, 1 hadi 4 (4 ndiyo kali zaidi), na tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, aina nyingi hutambuliwa kwa vinasaba pamoja na hadubini. Kama ni glioma, yaani uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazozitegemeza neva za ubongo, uliza kama kinasaba cha IDH kimepimwa. Glioma mbili zinazofanana kwenye hadubini zinaweza kutofautiana kwa miaka ya kuishi.

Dawa inayowapotosha wengi ni deksamethasoni, dawa ya steroidi. Ndani ya siku moja au mbili mgonjwa anajisikia kapona, kwa sababu maji yaliyouzunguka uvimbe yamepungua. Uvimbe wenyewe kwa kawaida upo pale pale. Hapo ndipo watu huacha vidonge. Ukivitumia kwa wiki kadhaa, mwili huacha kujitengenezea kortisoli, homoni yake ya aina hiyo. Ukikata ghafla unaweza kutapika, presha ikashuka, ukazimia. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa ratiba ya daktari. Meza baada ya kula, na ya mwisho isivuke alasiri, maana hufukuza usingizi. Pima sukari. Mapaja yakilegea hadi kuinuka kitini ni taabu, mwambie daktari: mara nyingi ni dawa hiyo, ingawa familia huwa imeshaamini uvimbe umeenea.

Kifafa kikija, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, tazama saa. Kikivuka dakika 5, omba msaada wa dharura. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, fikirieni damu iliyoganda; wagonjwa hawa huipata kwa urahisi.

Kwa glioblastoma, glioma ya daraja la 4, matibabu ya kawaida baada ya upasuaji ni mionzi, mara nyingi vipindi 30 kwa wiki 6, pamoja na vidonge vya temozolomidi, vinavyoshusha chembe za damu. Damu hupimwa kabla ya kila mzunguko mpya wa vidonge. Miezi 3 ya kwanza baada ya mionzi, MRI inaweza kuonekana mbaya kuliko ya mwanzo kwa sababu ya tiba yenyewe. Kama mgonjwa hajazidiwa, uliza kama picha inaweza kurudiwa baada ya wiki chache kabla ya dawa kubadilishwa, na uje na diski za picha zote za zamani, maana ripoti ya karatasi haitoshi kulinganisha.